Bi Wasiwasi na injini inayovuja kila ikipita saa ya thelathini

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, na injini bado haijawashwa. Mwanamke mwenye ovaroli ya kijani anaizunguka kwa mara ya tatu, tochi mkononi, akikagua alama za chaki alizochora jana jioni juu ya kila nati. Nati ikigeuzwa hata kidogo, mstari wa chaki unakatika. Leo hakuna uliokatika, lakini haonekani kufurahi.

"Mtu mjanja anaweza kuchora upya," anasema, kama anayejisemea.

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya. Anaomba kitambulisho, anakisoma mbele na nyuma, halafu anapiga simu chumba cha habari kuuliza kama kweli wana mtu wa namna hiyo, mrefu, mwenye pengo. Akishajibiwa, anaonyesha mstari mwingine wa chaki sakafuni.

"Usivuke hapo. Na mikono iwe nje ya mifuko."

Karakanani wanamwita Bi Wasiwasi. Ana miaka hamsini na miwili, na jina hilo hajawahi kulikataa. Kazi yake ni kupima uvumilivu wa injini za magari ya kale, yale ambayo wenye nayo huyapenda kuliko baadhi ya ndugu zao. Injini ikishafungwa upya haipelekwi moja kwa moja kwenye gari. Inawekwa juu ya stendi ya chuma, katika chumba chenye dirisha moja na feni mbili, inaunguruma saa mia moja, saa kumi kila siku. Yeye anakaa nayo.

Kila robo saa anaandika daftarini: joto, presha ya oili, mizunguko, harufu, sauti. Hitilafu ikitokea, injini inafunguliwa, inarekebishwa, na hesabu inarudi sifuri.

Iliyopo stendini sasa ni ya silinda nne, ya gari lenye umri wa miaka themanini na moja. Mwenye gari ni daktari mstaafu wa upasuaji, anayetaka kusafiri nalo kilomita elfu moja pamoja na wazee wenzake wenye magari ya aina hiyo. Injini hii imerudi sifuri mara tatu.

Mara ya kwanza, katika saa ya thelathini na moja, sili ya mbele, ile pete ya kuzuia oili isitoke, ilianza kuitema. Mara ya pili, saa ya thelathini na tatu, gasketi ya kifuniko cha ubavuni ilipasuka. Mara ya tatu, saa ya thelathini na mbili, kijiti cha kupimia oili kiliruka kutoka kwenye tundu lake kikaangukia mezani kwake, juu ya daftari, huku oili ikichuruzika kwa nyuma.

"Injini haina kalenda," anasema. "Ikiharibika, inaharibika inavyotaka yenyewe. Hii inaharibika kwa ratiba. Kwa hiyo kuna mkono wa mtu."

Tangu hapo amezidi kutomwamini mtu. Ufunguo wa chumba anaondoka nao nyumbani. Dumu la petroli amelifunga kwa kufuli. Oili anainusa kabla ya kuimimina, na mabaki ya kila hitilafu anayahifadhi kwenye makopo yenye tarehe: sili iliyochoka, vipande vya gasketi, hata matambara aliyofutia mikono. Rafu moja nzima imejaa makopo hayo.

Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye, anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo. "Mama akiniomba chumvi anaionja kwanza. Namuuliza, kwani nani ataghushi chumvi? Ananiambia, ndiyo hapo wanapokupatia."

Hakuzaliwa hivyo. Alianza kazi hapa kama mwosha vipuri, miaka kumi na sita iliyopita. Mpimaji alikuwa mumewe. Mumewe alipofariki kwa maradhi ya figo, karakana ilibaki bila mtu wa kukaa na injini, na mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mfungaji mkuu wa injini hapa, akasema huyu shemeji yangu ana masikio, nipeni nimfundishe.

Alimfundisha kwa fimbo ya mbao. Ncha moja kwenye chuma, nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Valvu iliyolegea inagonga hivi, pistoni iliyochoka inakohoa vile. Ndani ya miaka miwili alikuwa anasikia mambo ambayo mwalimu wake hayasikii. Gharama yake ni sikio la kushoto, ambalo sasa linashika maneno nusu tu, kwa hiyo ukitaka kumsengenya simama upande huo.

Kilichomgeuza ni injini moja ya mwaka wake wa tatu. Ilikuwa imefika saa ya tisini na nane, siku ya mwisho kabla ya sikukuu, na watu wote walitaka kwenda zao. Alisikia kitu kidogo, kama mtu anayesaga meno. Bosi akamwambia, zimebaki saa mbili tu, zinatuhusu nini. Akatia saini. Wiki tatu baadaye injini ile iliganda kwenye mteremko, gari likaacha njia. Dereva alinusurika, lakini mguu wake mmoja sasa ni mfupi kuliko mwingine.

"Namwona sokoni," anasema. "Ananisalimia vizuri kabisa. Hajui kama ni mimi. Mimi najua."

Baada ya hapo hakuna kilichobaki cha kumwamini mtu. Hata oili anayomimina asubuhi anataka kuihesabu jioni. Injini hizi za zamani zina bomba la kupumulia, jembamba kama kidole gumba, linalotoa hewa chafu ya tumboni. Pamoja na hewa hutoka matone ya oili. Wapimaji wengine huyaacha yadondoke sakafuni. Yeye, tangu injini hii ifike, ameona tone lisilojulikana liendako ni mwanzo wa uongo, hivyo amefunga chupa chini ya bomba na kuuzungushia mdomo wake, pale unapokutana na bomba, kitambaa safi cha pamba, kikavu, kilichobanwa vizuri.

"Hakuna kinachopotea hapa bila mimi kujua," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. Kila mzunguko mpya wa majaribio, anaweka kitambaa kipya. Ni msafi sana.

Anawasha. Sakafu inatetemeka. Kwa kuwa humo ndani haiwezekani kuzungumza kwa sauti ya kawaida, anamvuta mwandishi mpaka mlangoni na kumpa orodha ya washukiwa.

Wa kwanza ni Bosi, ambaye ana mtoto wa dada yake mwenye vyeti vitatu na hana meza ya kazi. Wa pili ni Daktari mwenyewe, kwa sababu mkewe hataki kusikia habari ya hizo kilomita elfu moja, na injini mbovu ingekuwa kisingizio kizuri cha kubaki nyumbani kwa heshima. Wa tatu anachelewa kumtaja. Anatazama kwanza nje, kwenye meza ndefu ambapo mzee mwembamba anapapasa meno ya gia kwa ncha za vidole, uso ukiangalia kwingine kabisa.

"Yule pale," anasema. "Shemeji yangu."

Karakanani anaitwa Vidole. Ana miaka sitini na moja, na kwa miaka thelathini na minane amefunga injini za hapa karibu zote. Jina alilipata kwa sababu anajua unene wa karatasi ya gasketi kwa kuishika tu. Wenzake wanalisema kwa kujivunia. Bi Wasiwasi hana uhakika kama ni la kujivunia.

"Zamani alikuwa anashika halafu anaangalia. Siku hizi anashika tu," anasema. "Nikimwonyesha geji ananiambia, nisomee wewe, miwani nimeisahau. Miwani gani inayosahauliwa miaka mitatu?"

Sili iliyokaa upande, gasketi iliyobanwa vibaya, kijiti kisichokaa vizuri: kila hitilafu inafanana na kazi ya mtu asiyeona. Kwenye daftari kuna safu yenye kichwa "Chanzo". Mara zote tatu aliandika neno moja, "Mfungaji", kwa mkono wake mwenyewe.

Maneno hayo matatu yamefanya kazi yake. Bosi ameshaandika barua. Injini hii ikimalizika, ifaulu isifaulu, Vidole anaondoka mezani na kuhamia stoo, kugawa spana na kuandika nani amezirudisha. Barua inasema "kwa kuzingatia hitilafu tatu mfululizo". Vidole alisomewa na karani, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Stoo nitakufa," alimwambia mwandishi huyu wakati wa chakula cha mchana, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya vitunguu. "Si kufa kwa kuzikwa. Kufa kwa kukaa."

Alipoulizwa kama anaona vizuri, alicheka na kuuliza kwani gazeti linataka kumposea mke.

Hayo yalikuwa ya Jumanne, siku ya pili ya mzunguko wa nne. Mwandishi huyu, ambaye kwa kazi yake amedanganywa na watu wenye tai nzuri, aliondoka akiwashuku wote watatu, na kidogo alimshuku hata Bi Wasiwasi. Mtu anayekaa peke yake na injini, ufunguo mfukoni, anaweza kuifanya lolote.

Jumatano jioni saa za injini zilifika thelathini. Kwa kawaida chupa haiguswi mpaka saa ya hamsini. Siku hiyo Bi Wasiwasi aliona kipimo cha oili kimeshuka kidogo kuliko alivyotarajia, na wazo jipya likamwingia: labda Vidole anapita kuongeza au kupunguza oili kwa siri ili kufunika kosa. Akaamua kupima chupa mapema amkamate.

Alipolegeza kitambaa, kilitoka kimelowa, kizito, cheusi. Nyuma yake ikatoka pumzi ndefu, pssss, kama soda iliyotikiswa. Na pale pembeni, kijiti cha kupimia oili, ambacho kilikuwa kimeanza kuinuka upana wa ukucha bila yeye kukiona, kikashuka taratibu kikakaa.

Alirudisha kitambaa. Akasubiri. Kijiti kikainuka. Akakiondoa. Kikashuka.

"Nilikaa chini," anasimulia. "Nimetafuta mchawi wiki saba, kumbe nimemshika mkononi, nimembana vizuri kwa kitambaa safi."

Maelezo yake ni mepesi. Injini ikifanya kazi, hewa moto hupenya kando ya pistoni na kuingia tumboni. Lazima itoke. Kitambaa kikiwa kikavu kinaipitisha. Kikifyonza mvuke wa oili kwa siku tatu, kinavimba na kuziba. Hapo hewa inatafuta pengine: siku hii inasukuma sili, siku ile inapasua gasketi, siku nyingine inarusha kijiti. Halafu injini inafunguliwa, inarekebishwa, na mpimaji msafi anaweka kitambaa kipya. Ratiba inaanza upya. Karakana ambayo mpimaji wake ni mvivu haiwezi kupata hitilafu hii.

Mtu angeweza kunyamaza. Alikuwa peke yake. Kitambaa kingekwenda kwenye kopo, chupa ingeondolewa, injini ingefika saa mia moja bila tone, na Daktari angepata gari lake. Ila Vidole angekwenda stoo kwa makosa matatu ambayo hakuyafanya.

Anakiri kwamba alifikiria. "Dakika kama kumi hivi. Nilijiambia, macho yake kweli ni mabovu, hata hivyo angeondoka tu siku moja. Nikaona hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kulisema moyoni."

Akafungua daftari. Akakata "Mfungaji" mara tatu, na mara tatu akaandika "Mpimaji", na tarehe, na saini. Akaenda nalo ofisini.

Bosi hakumwamini.

Hapo ndipo mambo yalipochekesha, ingawa hakuna aliyecheka. Miaka yote Bi Wasiwasi amewafundisha watu wa karakana hii kwamba kila jambo lina mkono wa mtu nyuma yake, na Bosi alikuwa mwanafunzi mzuri. "Unamlinda shemeji yako," alimwambia. "Ningekuwa mimi pia ningemlinda. Lakini usiniletee hadithi ya tambara."

Alhamisi saa nne asubuhi akawaita wote chumbani: Bosi, Daktari, Vidole, na mwandishi huyu nyuma ya mstari wake. Akateremsha kutoka rafuni kopo la mzunguko wa tatu, akatoa kitambaa cha chupa cha mzunguko huo, na kukipitisha kwa kila mtu akione na kukinusa. Daktari peke yake ndiye aliyekinusa kwa dhati. Kisha akakibana kwenye bomba, akawasha injini, akaegemea ukuta na kukunja mikono.

Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, Bosi akatazama saa yake. Vidole alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko cha ubavuni, amefumba macho.

"Inavimba," akasema.

Dakika ya kumi na nne kijiti kilianza kuinuka. Hakuna aliyekigusa. Kilipanda, kikacheza, kikaruka na kuanguka miguuni mwa Bosi, na mstari mwembamba wa oili ukashuka kutoka kwenye sili ya mbele, sili ambayo Vidole aliifunga upya kwa mikono yake wiki iliyotangulia. Bi Wasiwasi akachomoa kitambaa. Pssss. Oili ikasimama.

Daktari aliinama karibu na bomba. "Miaka thelathini na minne nimefungua matumbo ya watu," alisema. "Hili tumbo lina gesi, na nyinyi mmelifungia mlango."

Bosi aliokota kijiti, akakifuta kwa leso yake mwenyewe, akatoka. Kabla ya saa sita barua ya stoo ilikuwa imefutwa kwa barua nyingine. Ya Bi Wasiwasi pia ilikuja: onyo la maandishi, la kwanza katika miaka yake kumi na sita, na amri kwamba kuanzia sasa kuna mtu atakayekagua stendi yake kabla ya kila mzunguko. Onyo analiona la haki. Kuhusu mkaguzi, alimwomba Bosi ampe Vidole.

"Kwa nini yeye?" Bosi aliuliza.

"Kwa sababu ana haki ya kunishuku."

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na mwandishi huyu alikuwa ameshafunga kalamu. Lakini Ijumaa asubuhi Vidole alivaa shati la kutokea, akapita meza yake bila kusimama, akaingia ofisini na kusema mwenyewe kwamba ana mtoto wa jicho. Kwa la kushoto haoni kabisa. Kwa la kulia anaona kama mtu anayechungulia kupitia kioo chenye mvuke. Injini nne zilizotangulia hii ya Daktari, na hii yenyewe, amezifunga kwa vidole tu.

Bosi alimwuliza kwa nini anayasema leo, siku moja baada ya kuokoka.

"Shemeji amejiandika daftarini kwa ajili yangu, mara tatu," Vidole anasema alijibu. "Sasa mimi nitamwangaliaje usoni? Hata hayo macho yenyewe sina."

Injini zile nne zimeitwa zirudi kukaguliwa. Mbili zimeshafunguliwa na hazina kosa, jambo ambalo Bi Wasiwasi anasema halimpi raha mpaka aone nyingine mbili. Vidole amepewa likizo ya wiki sita kwa ajili ya upasuaji, na meza yake haitapewa mtu. Bosi alilisema hilo kwa mdomo. Bi Wasiwasi akamrudisha ofisini akaliandike.

Wakati makala haya yakiandikwa, injini ya Daktari iko katika saa ya sabini na moja ya mzunguko wake wa tano. Bomba la kupumulia liko wazi, na chini yake sakafuni kuna doa la oili ambalo mpimaji analitazama kwa uchungu kila anapopita. Amejizuia kulipima.

Lakini mpango anaoupanga sasa hauhusu injini hii. Hospitali ya macho imemwita shemeji yake Jumatatu ijayo, saa moja asubuhi, na Vidole amemhakikishia kila mtu karakanani kwamba atakwenda mwenyewe, yeye si mtoto, barabara anaijua. Amekula kiapo mbele ya mafundi wenzake.

Bi Wasiwasi amesikiliza kiapo chote, kwa sikio lake zima.

"Ataogopa," anasema. "Atafika getini, atasema foleni ndefu, atarudi kushika magia yake. Simwamini hata kidogo. Nimeomba ruhusa siku hiyo hiyo. Nitamshika mkono mpaka wamwite, na wakishamfunga bandeji nitakaa hapo hapo kwenye kiti, mpaka waifungue."